Dar es Salaam hadi Mwanza kwa Ndege: Masafa na Saa

Wengi wetu tukiulizwa Mwanza ni mbali kiasi gani kutoka Dar es Salaam, hutaja masafa ya barabara: zaidi ya kilometa 1,100, kwa kupita Morogoro, Dodoma, Singida na Shinyanga. Jibu hilo linamfaa msafiri wa basi. Rubani halimfai, maana yeye hazunguki mlima wala hatafuti daraja. Masafa yake twaweza kuyapata hapa hapa shuleni, kwa ramani, penseli na hesabu ya Kidato cha Pili.

Fungua atlasi. Dar es Salaam iko latitudo 6.8 kusini na longitudo 39.3 mashariki, Mwanza iko 2.5 kusini na 32.9 mashariki. Ukitoa, wapata tofauti ya digrii 4.3 za latitudo na digrii 6.4 za longitudo. Basi hizo ni pande mbili za pembetatu mraba, na kiegama chake ndicho njia ya ndege. Kwa kanuni ya Pythagoras, 18.49 ukijumlisha na 40.96 ni 59.45, na kipeuo chake cha pili ni 7.71. Digrii moja ni kama kilometa 111. Kwa hiyo masafa ni kilometa 856 hivi.

Najua wako watakaosema kwamba dunia ni tufe, si karatasi. Ni kweli. Lakini nchi yetu iko jirani na Ikweta, ambako digrii ya longitudo inakaribia sana kulingana na ya latitudo. Huko London digrii ya longitudo ni kilometa 69 tu, na mwenye kufuata njia yangu atapotea vibaya.

Sasa saa. Ndege ya jeti huenda kilometa 800 hivi kwa saa, au zaidi kidogo. Ukigawanya, wapata saa moja na dakika nne. Mbona ratiba husema kama saa moja na nusu? Ratiba huhesabu tangu ndege inapoondoka mahali ilipoegeshwa hata isimame tena kule iendako. Katikati yake kuna kutambaa uwanjani, kupanda polepole hata kilometa 10 juu, na kuanza kushuka ingali mbali na Mwanza, pengine kilometa 150 au zaidi. Mwendo kamili ni wa kipande cha katikati tu. Ndiyo sababu ndege ya rafadha, ingawa si ya kasi hivyo, katika safari fupi haiachwi sana.

Wazazi, angalieni tiketi. Saa 06:00 ya tiketi ni saa kumi na mbili asubuhi. Mzee akidhani ni saa sita mchana, ndege itakuwa imekwisha kufika Mwanza naye bado anapiga pasi shati.

Saa za ukutani ni moja Tanzania nzima, bali jua halifuati saa hizo. Kila digrii ya longitudo ni dakika nne, hivyo jua la adhuhuri hufika Mwanza dakika 25 hivi baada ya Dar es Salaam. Kutua kwake nako huchelewa karibu vivyo hivyo, kuzidi au kupungua kidogo kwa majira. Vijana wa Dar es Salaam wanapoacha mpira kwa giza, wenzao wa Mwanza bado wanauona.