Vali ya Usalama Huwekwa Wapi, na Hukaaje?

Vali ya usalama huzuiwa na springi. Kanieneo ya ndani ikizidi kiwango kilichowekwa, vali hufunguka yenyewe na mvuke hutoka. Hili watahiniwa wengi hulijua. Alama hupotea pale mchoro unapouliza mahali pake.

Swali. Boila ina maji hadi nusu. Bomba la mvuke linatoka juu yake na lina koki kuu. Vali iwekwe wapi: (A) juu ya boila, (B) ubavuni, chini ya usawa wa maji, au (C) kwenye bomba, baada ya koki kuu?

Jibu: A.

C huwavuta wengi kwa kuwa hata pale mvuke unapita. Lakini fikiri: fundi akifunga koki huku moto unawaka, kanieneo hupanda ndani ya boila tu. Vali ni nzima, ila haihisi chochote, na boila inaweza kupasuka. Ndiyo maana kati ya boila na vali hapawekwi koki yoyote, hata ile ya kurahisisha matengenezo.

Kwa B, yatatoka maji yanayochemka badala ya mvuke. Usawa wa maji utashuka, na chuma kilicho juu ya moto kikikosa maji hupata joto kupita kiasi na kulegea. (Wanaolaza mtungi wa gesi ya kupikia hufanya kosa kama hili: kimiminika hufika kwenye vali iliyopaswa kutoa gesi tu.)

Mkao ni wima, springi ikiwa juu. Vali ikilazwa, uzito wa sehemu zake huegemea upande mmoja, msuguano huongezeka, maji na uchafu hutuama, na kifuniko kinaweza kukwama. Bomba la kuingilia liwe fupi, lisiwe jembamba kuliko mdomo wa vali. La kutolea lielekezwe mbali na watu, wala lisizibwe.

Mfano. Eneo la mdomo wa vali ni 4 cm². Vali ifunguke mvuke ukizidi kanieneo ya angahewa kwa 500,000 Pa. Tafuta kani ya springi.

Kani = kanieneo × eneo
= 500,000 × 0.0004
= 200 N

Sasa, bomba la kutolea likiziba kiasi na kuacha 100,000 Pa za ziada nyuma ya kifuniko, zinazokisukuma pamoja na springi, vali haitafunguka hadi boila ifike 600,000 Pa.