Kuaminika kwa Vihisi vya Ndani ya Kiatu katika Kupima Kanieneo ya Wayo

Utangulizi

Istilahi kanieneo imeundwa kutokana na maneno kani na eneo, na hivyo inabeba fasili yake yenyewe: kani ikigawanywa kwa eneo inapotua. Kani ileile ikitua mahali padogo, kanieneo hupanda. Mtu anapotembea, kisigino na sehemu iliyo nyuma ya vidole ndizo huelemewa zaidi. Mgonjwa wa kisukari ambaye miguu yake imekufa ganzi hahisi mzigo huo, na kidonda huweza kuchimbika pasi na maumivu. Makala hii inachunguza iwapo vihisi vinavyowekwa ndani ya kiatu vinaweza kuaminika kuhisi kwa niaba yake.

Vifaa vyenyewe

Vihisi hupangwa katika soli inayotandikwa ndani ya kiatu. Katika mfumo wa F-Scan, ukinzani wa umeme hupungua kihisi kinapogandamizwa. Soli yake ni nyembamba mno, lakini hujikunja na kuchakaa upesi. Mfumo wa Pedar hutegemea badiliko la uwezo wa kihisi kuhifadhi chaji ya umeme. Soli yake ni nene zaidi, na vihisi vyake husawazishwa kwa hewa iliyoshindiliwa.

Kuaminika na usahihi

Dhana hizi mbili zisichanganywe. Mizani ya sokoni inayopunguza gramu 50 kila mara huaminika kwa maana ya kitakwimu, kwani hurudia kosa lilelile. Hata hivyo, si sahihi. Kuaminika hupimwa kwa kumtembeza mtu yuleyule zaidi ya mara moja na kulinganisha matokeo. Usahihi hupimwa kwa kugandamiza kihisi kwa kani inayojulikana.

Mambo kadhaa huvuruga vipimo: joto na jasho la mguu, soli kuteleza, kihisi kuchoka, na kasi ya mwendo. Isitoshe, hatua moja haifanani kabisa na nyingine. Kwa sababu hiyo, wastani wa hatua nyingi huaminika kuliko hatua moja.

Athari kwa mgonjwa

Mwongozo wa kimataifa kuhusu mguu wa kisukari hutaja kilopaskali 200 kama kikomo ambacho kanieneo ndani ya kiatu isikifikie kwa aliyewahi kupata kidonda cha wayo. Tuseme kihisi kinapunguza kilopaskali 20 kila mara. Kiatu chenye 210 kitasomeka 190, na mgonjwa atakabidhiwa kiatu kinachoweza kumrudishia kidonda. Kurudiwa kwa kipimo mara kumi hakutafichua kosa hilo.

Hitimisho

Katika mazungumzo ya kawaida, cha kuaminika ndicho cha kweli. Katika upimaji, sivyo. Mtafiti anayeandika kwa Kiswahili hana budi kubainisha anakusudia dhana ipi, na kutaja kasi ya mwendo, idadi ya hatua na jinsi vihisi vilivyosawazishwa. Pasipo hayo, neno kuaminika litamtuliza msomaji bila kumlinda mgonjwa.