MTOTO MPOLE MNO: JE, ANA CHUMA CHA KUTOSHA?

Akina mama wengi wanapoleta watoto kwenye mizani hutuambia kwa furaha: "Huyu wangu hana matata, Bwana Muganga. Ukimweka kwenye mkeka, utamkuta pale pale." Kama mtoto ana miezi minane au tisa, sifa hiyo hututia wasiwasi. Mtoto wa umri huo hutafuta vitu, huvivuta, huvitia kinywani, hulia mama akiondoka. Asiyetaka kujua lolote aletwe apimwe damu.

Ninyi watumishi mnajua shaba na kobalti. Chuma nacho ni madini ambayo mwili unayahitaji, kidogo sana lakini kila siku. Ndicho kinachowezesha damu kubeba hewa tunayovuta. Ubongo pia hukitumia ili ujengeke, na miaka miwili ya kwanza ndiyo wakati wake wa kujengwa kwa haraka. Basi, chuma kikipungua, damu huhudumiwa kwanza, na ubongo hupata kinachobaki. Kwa hiyo msingoje viganja vya mtoto viwe vyeupe. Wakati huo ubongo umekwisha kukaa na njaa siku nyingi.

Katika nchi ya Costa Rica, tangu miaka ya 1980, Daktari Betsy Lozoff na wenzake walipima watoto wa mwaka 1 hadi 2, wakawafuata mpaka ukubwani. Waliokosa chuma sana walitibiwa, damu ikawa nzuri. Lakini walipofika miaka 5, na tena walipopita miaka 10, bado walikuwa nyuma ya wenzao katika majaribio ya akili na ya kazi za mikono.

Mtoto huzaliwa na akiba ya chuma kutoka kwa mama yake. Inatosha miezi 6 hivi, pungufu kwa aliyezaliwa kabla ya wakati. Mama anayejifungua amwombe mzalishaji angoje angalau dakika moja kabla ya kufunga kitovu, maana damu inayopita hapo huongeza akiba hiyo. Maziwa ya mama yaendelee mpaka miaka miwili na zaidi, lakini chuma chake ni kidogo. Baada ya miezi 6 lazima kitoke katika chakula, na uji mtupu wa mahindi hauna cha kutosha.

Hapa nataka kusema na akina baba. Katika nyumba nyingi nyama ni ya baba, wakubwa hugawana vipande, na mdogo hupewa mchuzi. Mchuzi una ladha nzuri, lakini chuma kimebaki ndani ya nyama! Mkatie mtoto katika sehemu yako, mama aiponde mpaka iwe laini. Maini ni bora zaidi. Ndakala zilizosagwa hutiwa ndani ya uji, hata viwavi vilivyokaushwa. Hapa hapa Kongo, katika Équateur, watoto wa miezi 6 hadi 18 walipewa uji wa viwavi. Matokeo yalitangazwa mwaka 2015. Hawakuwa warefu kuliko wengine, lakini damu yao ilikuwa nzuri zaidi.

Sombe na lengalenga zina chuma, ila mwili hukipata kwa shida. Tone la ndimu au kipande cha papai husaidia. Chai hukizuia: mtoto mdogo asipewe kabisa, hata ya kuchovyea mkate.

Msinunue dawa ya chuma sokoni. Huko Pemba, ambako malaria ilikuwa nyingi, watoto walipewa chuma bila kupimwa kwanza. Mwaka 2006 ilitangazwa kwamba waliolazwa hospitali na waliokufa waliongezeka. Mtoto apimwe damu, alale ndani ya chandarua, malaria itibiwe, ndipo muganga aamue kipimo cha dawa. Na vidonge vya chuma vya mama mwenye mimba viwekwe juu, ndani ya kabati lenye ufunguo. Rangi yake inafanana na peremende, na mtoto akimeza vingi anaweza kufa.