Tangi Kuukuu la Petroli Chomboni

Wenye mashua za mtambo, kuanzia Lamu hata Vanga, yafaa walijue jambo hili. Tangi la chuma mara nyingi huanza kuvuja chini, mahali pasipoonekana. Maji ni mazito kuliko petroli. Basi matone yaliyoingia hukaa sakafuni mwa tangi yakalila kwa ndani, huku maji ya chumvi yakilila kwa nje.

Mwenye chombo akisikia harufu ya petroli asiipuuze. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa. Hushuka ngamani, yakusanyikapo maji ya kufuliwa, ukatulia humo usionekane. Sigara moja, au cheche ya mtambo unaowashwa, yatosha kukilipua chombo pamoja na waliomo. Moto wote uzimwe, vifuniko vifunguliwe, wala mtambo usiwashwe mpaka uvujaji umezuiwa na harufu imekwisha.

Wengine husugua sabuni ya mche penye tundu. Ni hila nzuri ya kumfikisha mtu nyumbani, lakini si ya kurudia baharini kesho yake.

Tena, tangi tupu ni la hatari kuliko lililojaa, kwa kuwa limejaa mvuke. Kulimwaga na kulianika juani hakutoshi. Lisiguswe na moto wa kulehemu ila na fundi aijuaye kazi hiyo, baada ya kutolewa chomboni na kusafishwa kabisa. Hata hivyo bati lililoliwa halishiki kiraka. Afadhali kununua jipya, likalazwe juu ya vipande vya mbao ili maji yasituame chini yake.