Mkono Hutangulia Akili

Juma lililopita niliingia katika duka kubwa la mjini kununua wino na kiberiti. Nikatoka na wino, kopo zima la biskuti, na shati nisilolikusudia, kiberiti nilikisahau. Msomaji akicheka na acheke, lakini kwanza atazame kabati lake mwenyewe.

Yafaa tuulize: yawezekanaje mtu mzima, mwenye akili timamu, anunue kitu asichokihitaji? Wengi hujibu upesi kwamba ni tamaa. Jibu hilo ni nusu tu ya kweli. Tamaa twazaliwa nayo, lakini maduka yamepangwa na watu waliojifunza vema namna ya kuiamsha.

Zamani mnunuzi alisimama mbele ya meza, akataja haja yake, na muuzaji akamtolea. Kule kutaja kulikuwa kizuizi, maana hapana budi mtu ajue atakalo kabla hajalisema. Septemba 1916, katika mji wa Memphis, Marekani, Clarence Saunders alifungua duka la Piggly Wiggly, akaiondoa meza hiyo. Mnunuzi aliingia kwa mlango mmoja, akafuata njia iliyompitisha mbele ya bidhaa zote, akijichukulia kwa mkono wake, ndipo akafika penye kulipa. Mwaka 1937, huko Oklahoma City, mwenye maduka Sylvan Goldman aliona kwamba watu huacha kununua kikapu kinapowalemea. Akawaundia kigari cha magurudumu.

Uzito wa kikapu ukaondoka hivyo. Ukabaki ule wa kutoa fedha. Mwaka 2001 Drazen Prelec na Duncan Simester, wataalamu wa chuo cha MIT, walitangaza majaribio yao. Wanafunzi waliombwa kutaja bei ambayo wangetoa kwa tiketi za mpira wa kikapu. Walioambiwa watalipa kwa kadi walitaja, kwa wastani, zaidi ya mara 2 ya bei ya walioambiwa watalipa fedha taslimu. Tiketi ni zile zile! Noti ikitoka mkononi huuma kidogo. Kadi haiumi, wala fedha za simu, nadhani, haziumi mpaka salio lisomwe.

Lakini liko jambo zito kuliko hasara ya mfuko. Anunuaye kwa ghafula hapati nafasi ya kuuliza kitu kimetoka wapi. Shati langu lilikuwa rahisi mno, nami nikaufurahia urahisi wake. Tarehe 24 Aprili 2013, huko Savar karibu na Dhaka, nchini Bangladesh, jengo la Rana Plaza lenye ghorofa 8 liliporomoka, wakafa watu zaidi ya 1,100, wengi wao wanawake walioshona nguo za kuuzwa ng'ambo. Nyufa zilikuwa zimeonekana siku iliyotangulia. Benki iliyokuwamo iliwaondoa watumishi wake. Washonaji waliamriwa kurudi kazini. Sisemi kwamba mnunuzi ndiye aliyeliangusha jengo. Wa kulaumiwa kwanza ni mwenye jengo na wenye viwanda. Hata hivyo, biashara ya nguo za rahisi na za upesi humtegemea mnunuzi asiyeuliza. Wanunuzi na vyama vya wafanyakazi walipopaza sauti, makampuni mengi ya Ulaya yalitia sahihi mapatano ya usalama wa viwanda mwezi Mei mwaka ule ule.

Basi atakaye kujirekebisha na avirudishe vile vizuizi. Aandike haja zake nyumbani kabla ya kutoka. Achukue kikapu, akiache kigari. Alipe noti iwezekanapo. Kitu kisichomo katika karatasi yake akiache dukani usiku mmoja. Akikikumbuka kesho, arudi aulize kimetengenezwa wapi, na nani. Pengine muuzaji hatajua. Aulizwe hata hivyo, kwani akiulizwa na watu ishirini, naye atamwuliza aliyemletea.

Shati nimelirudisha. Biskuti, nakiri, zimekwisha. Kiberiti nilikipata kwa jirani, katika kiduka ambamo ingali ipo meza, nami nikakiomba kwa jina.