Mbwa wa Shambani: Yaliyo ya Sheria na Yaliyo ya Mazowea

Katika darsa yetu ya baada ya Isha alisimama ndugu mmoja wa Kibokoni akauliza suali ambalo wengi walilicheka. Ndugu huyu ana shamba Mwakirunge, bara ya kaskazini, na kwa muda wa miezi michache ameibiwa mbuzi watano na mota ya kisima. Mlinzi aliyemuweka ni mzee, na usiku humshinda. Jirani yake akamwambia kwamba wako mbwa waliotupwa na wenyewe, au waliookotwa njiani, ambao hukusanywa na kutunzwa na chama cha kuhifadhi wanyama, kisha hupewa mtu atakayewaweka kwa wema.

"Maalim," alisema, "nikimtwaa mmoja nitakuwa nimekosa? Mke wangu asema siku nitakayomleta mbwa, yeye atarudi kwao."

Watu wakacheka, Maalim hakucheka. Akamwambia, "Keti, mwanangu. Suali lako lina fiqhi ndani yake."

Haya tuyaandikayo ni muhtasari wa darsa mbili zilizofuata, pamoja na khabari ya yaliyompata ndugu yetu baadaye. Tumeona tuyachapishe kwa kuwa mji wetu umechanganya katika jambo hili mambo ambayo wanazuoni wameyatenga: unajisi wa mbwa ni mlango mmoja, ruhusa ya kumfuga ni mlango mwingine, na namna ya kumtendea ni mlango wa tatu. Sisi tumeifunga milango yote mitatu kwa kufuli moja, kisha tukaiita dini.

Ama unajisi, sisi wa pwani ni wafuasi wa Imamu Shafii, na katika dhehebu letu mbwa ni najisi nzito, mate yake na mwili wake wote. Chombo alichokiramba huoshwa mara saba, mojawapo kwa maji yaliyochanganywa na mchanga, kama ilivyothubutu katika hadithi ya Abu Huraira aliyoipokea Muslim. Imamu Malik amesema mbwa aliye hai ni tahiri, na kuosha kule ni ibada tu. Na Mahanafi, kwa kauli yenye nguvu kwao, wamesema mate ndiyo najisi, si mwili. Twayataja haya si ili mtu aruke dhehebu kwa kufuata raha yake, bali ili asimwone Mwislamu wa Morocco au wa Uturuki kuwa amepotea.

Lakini hata katika dhehebu letu, kikavu juu ya kikavu hakinajisi. Mbwa mkavu akikupitia na kanzu yako kavu, huna la kuosha. Wangapi katika sisi wanaolijua hili? Tumewaona watu wazima Ndia Kuu wakikimbia kwenda kukoga kwa kupitwa na mbwa mchana wa jua kali, na katika hao wamo ambao deni la watu limewakaa mwaka wa tatu wala hawajihisi najisi.

Tuje kwenye ruhusa. Qur'ani katika Suratul Maida, aya ya nne, imehalalisha windo la wanyama waliofunzwa kuwinda, na mbwa ndiye wa mbele katika hao. Katika hadithi zilizopokewa na Bukhari na Muslim, amevuliwa mbwa wa mifugo, wa kuwinda na wa shamba. Mwenye kumweka mbwa pasipo haja hizo hupungukiwa na thawabu zake kila siku. Imamu Nawawi akaeleza kwamba kauli iliyo sahihi zaidi ni kujuzu mbwa wa kulinda nyumba na njia pia, kwa kukisia juu ya hayo matatu, kwani sababu ni moja, nayo ni haja. Basi ndugu yetu mwenye mbuzi na shamba hahitaji hata kukisia. Yumo katika matini yenyewe. Na kijana amfugaye mbwa ghorofani kwa fakhari na picha, huyo hatumpi hoja.

Ama khabari ya malaika kutoingia nyumba yenye mbwa, al-Khattabi amesema mbwa walioruhusiwa hawamo katika makatazo hayo. Nawawi yeye aliiona hadithi kuwa ni ya jumla. Kwa kuwa wakubwa hawa wamekhitalifiana, njia ya salama ni kumweka mbwa nje, na nyumba ya kulala na kusali ikabaki nyumba.

Hapa twasema waziwazi: Mji wa Kale si mahali pa mbwa. Nyumba zimeshikana kuta, kichochoro ni upana wa mikono miwili, msikiti hauko mbali na mlango wowote, na watoto hucheza kizingitini. Atakayemfunga mbwa kwenye ua wa hatua nne amemdhulumu jirani na amemdhulumu mbwa. Mwenye haja amweke penye haja, yaani shambani.

Ndugu yetu akauliza pia juu ya malipo, kwa kuwa aliambiwa kuna ada. Mbwa hauzwi wala hanunuliwi katika dhehebu letu, na hadithi imeikataza thamani yake. Lakini chama cha namna hii hakiuzi. Kile kiitwacho KSPCA, ambacho mwanzo wake ni 1910, hupokea gharama za chanjo, dawa na matibabu ya mnyama. Tena mafakihi wetu wamejuzisha mtu kutoa mali ili mwenzake aondoe mkono wake juu ya kitu kisichouzika. Nia na maneno yawe ya hivyo. Na kuhasiwa je? Nawawi amekataza kumhasi mnyama asiyeliwa, na wako wanazuoni wa zama zetu waliojuzisha kwa maslaha. Ila mbwa aliyehasiwa kabla hajakufikia, dhima yake haiko juu yako.

Basi akaenda. Mbwa aliyepewa hakuwa mtoto. Daktari wa mifugo alimkisia miaka minne au mitano. Wengi hutaka watoto wa mbwa kwa kudhani kwamba aliyekwisha kukua hafunziki. Si kweli. Mbwa mzima tabia yake yaonekana: ukali wake, uwoga wake, kama awavumilia mbuzi au la. Mtoto wa mbwa ni bahati nasibu, tena ataka mwaka mzima kabla hajafaa kulinda kitu.

Alitaka kumwita Kitmiri, jina linalotajwa na wafasiri kuwa la mbwa wa Watu wa Pangoni. Maalim akamwambia jina hilo halimo katika Qur'ani. Kilichomo ni kwamba alinyosha mikono yake kizingitini, nje ya pango, nako ndiko kwa kumweka. Akamwita Zamu.

Siku aliyovushwa Daraja la Nyali nyuma ya gari, Zamu alitetemeka njia nzima. Alipofunguliwa shambani alijitia nyuma ya tangi la maji asitoke. Siku ya kwanza hakula. Siku ya pili kijana wa shamba aliinua ufagio ili afagie, na mbwa akajibanza chini akajikojolea. Ndugu yetu akampigia simu Maalim kwa hasira: "Huyu ni mwoga, atanilindia nini? Namrudisha."

Maalim akamwambia, "Umemuona alivyojikunja? Basi ujue hayo ni mawe yetu. Yeye hakuzaliwa akiogopa ufagio."

Twaomba msomaji asimame hapa kidogo. Nani katika sisi hakumrushia mbwa koko jiwe utotoni, na mkubwa akapita asiseme neno? Hadithi ya mtu aliyeshuka kisimani akajaza maji khofu yake ya mguuni, akamnywesha mbwa aliyekuwa akilamba udongo kwa kiu, akasamehewa dhambi zake, husomwa mimbarini kwetu kila mwaka. Mbwa wa hadithi ile ni huyu huyu aliye najisi. Mtume (s.a.w.) aliyetufunza kuosha mara saba ndiye aliyetusimulia khabari ya kumnywesha, na alipoulizwa kama kuna ujira kwa wanyama, alijibu kuwa upo kwa kila chenye uhai. Hakuna kitabu cha fiqhi kilichosema kwamba tohara hukamilika kwa kurusha mawe.

Daktari wa mifugo alimpa ndugu yetu nasaha ambazo tunazinakili kwa faida ya wengine. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kwa mbwa wa namna hii methali hiyo haifai kabisa. Watunzaji huhisabu siku tatu za kutulia, wiki tatu za kujua desturi za mahali, na miezi mitatu ya kupaona kuwa ni kwao. Na hiki ni kipimo cha kukisia tu, wengine huchukua zaidi. Katika siku za mwanzo aachwe. Asiitwe-itwe, asizungukwe na watu waliokuja kumtazama, asikodolewe macho, asiguswe alapo wala alalapo. Awe na pembe yake yenye kivuli na maji, ambapo mtoto yeyote haruhusiwi kumfuata.

Chakula kiwe mara mbili kwa siku, saa ile ile, kwa mkono wa mtu yule yule. Kijana wa shamba ndiye aliyepewa kazi hiyo: aweke kopo, ageuke, aondoke. Siku ya nne Zamu alikula kijana akali hajafika mbali. Siku ya kumi alimngojea. Alipewa sima na samaki aliyetolewa miba. Mabaki ya pilau hayafai, kwani kitunguu humdhuru mbwa, na mifupa iliyopikwa hupasuka vipande vikamchoma matumbo. Kopo lake halikuingia jikoni hata siku moja, na kwa hivyo suala la kuosha mara saba halikuzuka. Kando ya bomba aliweka ndoo ya mchanga safi kwa tahadhari, na nguo za shamba akaziacha shamba. Kwa haya machache tohara yake ilitimia bila ya wasiwasi, na wasiwasi ni katika shetani.

Baada ya wiki mbili kijana alimfunga kamba akawa amzungusha mpakani kila alfajiri, njia ile ile, ili ajue shamba lianzapo na liishiapo. Mbuzi alionyeshwa kwa nyuma ya ua kwanza, siku nyingi, ndipo akaachwa karibu nao. Hakupigwa. Alipokosea aliondoshwa tu, na alipofanya vyema alipewa kipande cha samaki. Mbwa afungwaye mnyororo mchana kutwa huharibika, akawa mkali asiyechagua, amng'ate hata mwenye shamba.

Kuna jambo moja ambalo hatulipiti kwa haraka, nalo ni kichaa cha mbwa. Ugonjwa huu dalili zake zikishatokea kwa mtu, hauna dawa. Duniani yakisiwa kwamba huua watu wapatao 59,000 kila mwaka, na Kenya peke yake wapatao 2,000, na wengi wao ni watoto. Serikali iliweka mpango wa kuumaliza, wa 2014 hadi 2030, na nguzo yake ni kuchanja mbwa saba katika kila kumi. Kuwaua mbwa koko hakukuumaliza popote; huja wengine wasiochanjwa. Tuwatazame ndugu zetu wa Pemba, kisiwa cha Waislamu kama sisi. Walichanja mbwa kisiwa kizima mwaka baada ya mwaka, na kufikia Mei 2014 ugonjwa ukatoweka. Chanjo ikalegea, ukaingia tena mwishoni mwa 2016. Wakarudia kuchanja, ukamalizika Oktoba 2018.

Basi mwenye mbwa amchanje kila mwaka na aiweke kadi yake. Na mtu aking'atwa, au akakwaruzwa, au akarambwa penye jeraha, aoshe hapo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika kumi na tano, asitie pilipili wala mafuta ya taa, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo akachomwe sindano, na azimalize zote. Wazee wengi huosha kanzu mara saba, na jeraha wakalifunga kitambaa.

Na jengine la Idi ya Kuchinja: maini na mapafu yenye malengelenge yasitupiwe mbwa. Yafukiwe au yachomwe. Humo mna mabuu ya mnyoo ambao hukua tumboni mwa mbwa, kisha mayai yake humrudia mwanadamu kwa mikono na mboga, yakamfanyia uvimbe ndani ya ini. Wafugaji wa Turkana wameteseka sana kwa maradhi haya. Mbwa apewe dawa ya minyoo kama mbuzi wapewavyo.

Katika mwezi wa tatu, usiku mmoja wa mvua, Zamu alibweka kwa mara ya kwanza tangu aje. Mzee mlinzi aliamka, akawasha taa. Waya wa ua ulikuwa umekatwa upande wa mto, na mbuzi wote walikuwamo.

Mkewe ndugu yetu hakurudi kwao. Alikwenda shamba Jumapili iliyofuata, akakaa barazani mbali, buibui lake amelikunja, akimtazama mbwa aliyelala chini ya mwembe. Mumewe alingojea maneno. Adhuhuri ilipokaribia, alimwita yule kijana wa shamba akamuuliza kama mbwa amekwisha kula.