Harufu Mbaya ya Kinywa cha Mbwa: Chanzo Chake na Huduma ya Nyumbani

Katika kata za pembezoni mwa Manispaa ya Temeke, kama vile Chamazi, Toangoma na Mbagala, mbwa wengi hufugwa kwa ajili ya ulinzi. Hushinda uani, hula makombo ya jikoni, na mara nyingi hawachunguzwi afya mpaka waugue. Mojawapo ya dalili zinazoweza kumfumbua macho mwenye mbwa mapema ni harufu mbaya ya kinywa. Wengi huichukulia harufu hiyo kuwa ni hali ya kawaida ya mbwa. Ukweli ni kwamba mbwa mwenye afya hana kinywa kinachonuka uvundo. Harufu hiyo ni taarifa ya ugonjwa, na ni vyema mwananchi akajua namna ya kuisoma na namna ya kuishughulikia bila kujiletea madhara.

HARUFU HUTOKA WAPI

Mbwa aliyekomaa ana meno 42, yaani kumi zaidi ya binadamu. Baada ya mlo, mate, mabaki ya chakula na vijidudu hutengeneza utando laini juu ya meno uitwao ukoga. Usipoondolewa, ndani ya siku chache madini yaliyomo katika mate huugeuza kuwa gamba gumu la rangi ya njano au kahawia, ambalo ni ugaga. Gamba hilo huanza kuonekana zaidi kwenye magego ya juu, upande wa shavuni, karibu na mahali tezi za mate zinapomwaga mate. Vijidudu hupenya chini ya ufizi na kutoa gesi zenye salfa, ikiwemo ile inayolifanya yai viza linuke. Ufizi huvimba na kutoka damu, na hatimaye jino hulegea.

Chakula nacho kina sehemu yake. Ugali laini na makombo hunata kwenye meno. Mbwa anayezurura na kula jalalani hurudi na harufu ya alichokila, nayo hupungua baada ya muda. Mtoto wa mbwa anayebadilisha meno, kwa kawaida kati ya miezi minne na saba, huweza kuwa na harufu kidogo, na hilo si ugonjwa.

Zipo sababu zinazotoka nje ya meno. Kipande cha mfupa huweza kukwama kati ya meno ya juu na kuozesha nyama iliyo karibu. Kidonda au uvimbe kinywani hutoa uvundo. Harufu inayofanana na mkojo, pamoja na kukonda na kunywa maji mengi, huweza kuashiria ugonjwa wa figo. Harufu tamu kama ya tunda lililoiva kupita kiasi huweza kuashiria kisukari. Hali hizi haziponi kwa kusafisha meno, zinahitaji daktari wa mifugo.

KABLA YA KUFUNGUA KINYWA

Hapa ndipo penye hatari kubwa kwa binadamu. Mbwa mwenye kichaa cha mbwa huweza kulegea taya, kudondosha mate mengi na kushindwa kumeza, akaonekana kana kwamba amekabwa na mfupa. Mwenye mbwa, kwa huruma, huingiza mkono kinywani kuutafuta mfupa huo. Virusi vya ugonjwa huu vimo katika mate, na vinaweza kuingia mwilini kupitia mchubuko mdogo tu hata kama mbwa hakung'ata.

Kwa hiyo, asiguse mtu kinywa cha mbwa ambaye mate yanamchuruzika kwa ghafla, sauti yake imebadilika, anashindwa kumeza, au tabia yake imegeuka: mpole amekuwa mkali, au mkali amekuwa mpole kupita kawaida. Mbwa huyo afungiwe mahali salama ikiwa inawezekana bila kumgusa, watoto wawekwe mbali, na afisa mifugo wa kata aarifiwe mara moja. Akifa, mzoga usishikwe kwa mikono mitupu wala usizikwe kabla ya afisa kufika, kwa sababu ugonjwa huthibitishwa kwa kupima ubongo katika maabara.

Aliyeng'atwa, kukwaruzwa au kuingiwa na mate kwenye kidonda aoshe mahali hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyo hiyo. Chanjo hufanya kazi ikitolewa kabla ya dalili kuanza. Dalili zikishaonekana, karibu wagonjwa wote hufariki. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba hadi asilimia 99 ya maambukizi kwa binadamu hutokana na mbwa.

HUDUMA YA NYUMBANI

Kwa mbwa aliyechanjwa, mtulivu na anayemzoea mtu, usafi wa kinywa nyumbani unawezekana.

Kwanza, azoeshwe kuguswa midomo kwa siku kadhaa, dakika moja au mbili kila mara.

Pili, kitambaa safi kilicholowa maji kizungushwe kidoleni na kupitishwa juu ya meno kwa upande wa nje. Akizoea, utumike mswaki laini wa mtoto kwa maji matupu. Kinachoondoa ukoga ni msuguano. Kazi hii ifanyike kila siku, au walau mara tatu kwa wiki, kabla ukoga haujawa mgumu.

Tatu, apewe maji safi kila siku na chombo chake kioshwe. Dagaa waoshwe mchanga na kuchemshwa. Karoti mbichi huweza kumpa kitu cha kutafuna, ingawa haichukui nafasi ya mswaki.

Anayesafisha avae glavu akiwa na mchubuko mkononi, na anawe kwa sabuni akimaliza. Katika nyumba ambazo mate ya mbwa huepukwa kwa sababu za dini, kazi hii yaweza kukabidhiwa mlinzi anayemhudumia mbwa huyo, mradi naye aelekezwe tahadhari hizi.

TIBA ZISIZOFAA

Dawa ya meno ya binadamu isitumike. Mbwa hawezi kutema, na baadhi ya dawa hizo zina floraidi au sukari mbadala iitwayo zailitoli, ambayo ni sumu kwake. Kitunguu maji na kitunguu saumu huharibu chembe nyekundu za damu yake. Limau huchoma ufizi uliovimba. Mifupa iliyopikwa, hasa ya kuku, huvunjika vipande vyenye ncha vinavyoweza kutoboa utumbo. Kukwangua ugaga kwa kisu au msumari huumiza ufizi na kumfanya mbwa ang'ate.

WAKATI WA KUMWONA DAKTARI

Ugaga uliokwisha kuwa mgumu hauondoki kwa kitambaa. Huondolewa na daktari wa mifugo mbwa akiwa amepewa dawa ya usingizi. Apelekwe pia ikiwa ufizi unatoka damu, jino limelegea, uso umevimba, anatafuna kwa upande mmoja, anakataa chakula, au harufu haipungui baada ya wiki mbili za usafi. Mwananchi ahakikishe anayemtibia mbwa wake ametambuliwa na Baraza la Veterinari Tanzania, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2003.

Usafi huu wote hutegemea chanjo. Mtoto wa mbwa achanjwe dhidi ya kichaa anapofikisha miezi mitatu, na chanjo irudiwe kila mwaka. Kadi ya chanjo itunzwe pamoja na nyaraka za nyumba, ili siku mtu aking'atwa, mhudumu wa afya apate jibu la swali lake la kwanza bila kuchelewa.